Wanyama Wadogo Waliokuzuia Kwenda Kolwezi

Kambo, bibi yangu mpendwa,

Mjomba alikuwa amekata shauri: karanga zako zikikauka tena, Pasaka angekuja kukuchukua ukaishi kwake Kolwezi. Wewe ulicheka. Mimi sikulala. Nyumbani kwetu, mtaa wa Panda, wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kukaa naye kimya bila kuulizwa naumwa nini.

Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo na kichwa kimejaa. Nikakueleza kwamba udongo wetu, uliomeza moshi wa kiwanda miaka yote, umekosa bakteria, vijidudu visivyoonekana ambavyo hukaa kwenye mizizi ya karanga na kuilisha kwa hewa. Tungevitoa kwenye shamba la zamani la dada yako kule Kapolowe, tuvichanganye na mbegu, kisha tuweke samadi ya mbuzi iliyooza, ambayo hushika maji jua likiwaka. Ulisikiliza mpaka mwisho.

“Mukazi mwenzangu,” ukasema, ukiniita mke mwenza kwa utani wa kambo na mjukuu, “twende tubachukue. Batajua njia namna gani?”

Tuliporudi na gunia la udongo, askari wakatusimamisha stesheni. Gunia zito, mji wa shaba: ni nani asingefikiri tumeficha madini?

“Mu saki muko nini?”

“Muko banyama badogo, baba,” ukajibu.

Askari akarudi nyuma. “Banakulaka nini?”

“Mupepe,” ukasema, yaani hewa.

“Mupepe tu? Kila siku?”

“Kila siku.”

Akamtazama mwenzake, askari asiyelipwa kama yeye. “Kumbe ni basoda kama siye. Pita, Kambo.”

Tukapanda. Mwezi wa kwanza mvua ikakatika. Mashamba ya jirani yakawa manjano, letu likabaki kijani. Ningefurahi, kama si adabu yako. Kwako mgeni hakuondoka bila kuonyeshwa watu wote wa nyumbani, na sasa ulikuwa na watu wapya. Kila aliyepita kukusalimu ulimng’olea mche mzima ili aone vinundu mizizini, nyumba za wanyama wako.

“Kambo, unamaliza shamba!”

“Weye uko na roho mubaya. Bantu bakae mu nyumba bila kusalimiwa?”

Na Panda nzima ilikupenda! Watu walikuja hata kutoka mitaa ambayo hukuwa na jamaa. Upande wa njia shamba likapata upara. Nilikaa pale na jembe mkononi, nikiomba Mungu akupunguzie marafiki.

Pasaka Mjomba akafika, tiketi yako mfukoni. Akauona upara.

“Mama, jua imekula.”

“Jua? Ni bageni.”

Akasonga mbele, akang’oa mche mwenyewe. Karanga zilining’inia zimejaa, wakati jirani walikuwa wanavuna maganda. Akazivunja, akatafuna. Safari ya kurudi Kolwezi, kiti alichokulipia kilikaliwa na gunia la karanga.

Ukabaki nami. Nilidhani nimeshinda kila atakayekuja kukuchukua. Nina vitabu vingi zaidi sasa, na ninavisoma kwa hasira, kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanwa.

Siku ya kukuzika, watu waliponiona nimepiga magoti kaburini, walidhani naanguka kwa kilio. Nililia, ndiyo. Lakini pia niliuchukua udongo wako mkononi, nikauvunjavunja, nikaunusa. Ni mweusi, Kambo, laini, una unyevu. Nisingekubali wakuweke penye udongo mwingine.

Pumzika vizuri humo.

Mjukuu wako