Sahihi Yangu Chini ya Neno Umoja

Dada Lavinia, wewe unayewajibu watu gazetini bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nisaidie kabla sijapasuka, maana tangu Jumapili sili wala silali.

Mimi ni mwanamke mweusi wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Mtaa wa Tolliver, na huu ni mwaka wangu wa ishirini kuendesha basi la shule, yaani tangu jaji alipoamuru watoto weusi na weupe wachanganywe na mabasi yakaanza kuwavusha reli inayotugawa kila asubuhi, wa kwetu kwenda kwao na wa kwao kuja kwetu, na mwaka ule wa kwanza nilipigwa mayai, jiwe likapasua kioo cha pembeni, na sikusimama, niliwafikisha watoto wote thelathini na saba, na sikuambii haya ili kujisifu, nataka ujue tu kwamba mimi si msaliti, au sikuwa.

Sasa bodi ya shule imekwenda mahakamani kuomba amri ile ifutwe, mabasi yaishe, kila mtoto asome mtaani kwake, na wazazi watano wa upande wetu wameipinga, na mmoja wao ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kuruka kamba, nitamwita Verlene hapa ingawa si jina lake. Mwezi uliopita wakili wa bodi, kijana mweupe mwenye viatu vya kung'aa, alikuja kwenye yadi ya mabasi na boksi la donati, na msimamizi wangu, ambaye miaka yote ishirini ananiita kwa jina la kwanza kama mtoto wake huku mimi namwita Bwana, siku hiyo akaniita Bibi na jina langu la ukoo, na wakili naye Bibi, Bibi, mpaka akanivutia kiti.

Akauliza, "Bibi, watoto weusi na weupe wanapanda basi lako?" Nikasema ndiyo. "Wanagombana?" Nikamwambia, "Kwenye basi langu? Nani athubutu?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Akatoa karatasi, akasema ni maneno yangu mwenyewe, yamepangwa vizuri tu, na nikaona imeandikwa kwamba kwa nijuavyo mimi, shule za mji wetu zimekuwa "wilaya ya umoja", na Dada Lavinia, neno lile lilinipendeza, kwa sababu kanisani kwetu kila Desemba tunawasha ile mishumaa saba yenye majina ya Kiafrika, na wa kwanza ni Umoja, na mimi ndiye ninayeuwasha mwaka wa tisa sasa, nikadhani wananisifu kwamba kazi yangu imewaunganisha watoto, nikatia sahihi, nikaapa, na donati nikala.

Basi Jumapili baada ya ibada Verlene anatueleza habari za kesi, kumbe neno hilo ni la kisheria, maana yake eti shule za weusi na shule za weupe hazipo tena, kazi imekwisha, na jaji akilikubali anaondoa mkono wake na bodi inafanya itakavyo, na shule ya Tolliver inarudi kuwa ya weusi watupu, kwenye jengo lile ambalo boila lake la kuleta joto likiwaka ni habari ya kutangaziana. Halafu akasema, "Na kuna mtu wetu, mweusi mwenzetu, ametia sahihi kwamba tumeshafika! Wakili wetu anapewa majina ya mashahidi wao Ijumaa. Nikimjua huyo, namvua wigi mbele ya madhabahu." Mimi navaa wigi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamshika mkono nikamjibu, "Tulia, mpenzi. Bwana atamfunua."

Nina hasira na wakili yule, nina hasira na mimi mwenyewe, na nikikwambia ukweli nina hasira hata na Verlene, kwa sababu hajawahi kuamka saa kumi alfajiri kupasha injini moto, hajaona watoto wetu wamesimama gizani saa kumi na moja na nusu pua zinawavuja, maana wanaosafiri ni wetu, wale weupe waliokuwa wakija huku walijaza basi mwaka wa kwanza na sasa nawabeba sita tu, na wetu nikiwafikisha Larkmoor, shule ya upande wa weupe, nawashusha mlango wa nyuma, jikoni, kwenye mapipa ya taka, kwa ajili ya usalama kama tulivyoelekezwa, kwa sababu mbele wazazi wa pale wanashusha wa kwao kwa magari, kwa hiyo wakati mwingine najiuliza kama si afadhali mabasi yaishe tu tupumzike. Msimamizi ameshaniambia, "Sahihi ni sahihi, Bibi, usije ukayumba," na kwamba wanatafuta mkuu wa madereva. Kesi ni Jumanne. Maji yameshamwagika. Ninyamaze, nimwandikie jaji barua isiyo na jina, au nihame kanisa? Tafadhali jina langu usilitaje.

Dereva Aliyeapa

*

Dereva,

Barua yako niliianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo pokea.

Mwanamke anayekagua breki, taa na matairi kila alfajiri kabla ya kugusa usukani, anaweka jina lake chini ya karatasi asiyoielewa kwa sababu ameitwa Bibi? Hilo la Bibi lilikuwa lako tangu siku ya mayai. Walikunyima miaka ishirini, kisha wakakupa kwa mchana mmoja, nawe ukashukuru kama umepewa shamba. Usinijibu kwamba neno lilikuwa gumu. Neno gumu huulizwa. Ungesema tu, "Bwana wakili, hili lina maana gani hapa?" ungemwona akimeza donati bila kutafuna.

Nusu ya pili ni yao, na hiyo ndiyo kubwa. Bodi ina maprofesa wa kukodi wenye ramani na chati. Kwa nini ikaja yadini kukutafuta wewe? Kwa sababu jaji hatamwamini profesa kama atakavyomwamini mwanamke mweusi aliyewavusha watoto huku anapigwa mawe. Walitaka mkono uleule uliowavusha uandike kwamba sasa warudishwe. Huo ni uovu, na waliufanya wakitabasamu, na mimi sitaupa jina lingine.

Kwa kuchoka hujakosea. Pole, tena si pole ya mdomoni. Mwanangu alisimama kwenye giza hilohilo, na nilikuwa namfunga skafu huku naitukana bodi kimoyomoyo. Lakini nani aliupanga mzigo ukawaangukia watoto wetu peke yao? Amri ya jaji haikusema hivyo. Bodi ilipanga hivyo, na leo bodi hiyohiyo inatuonea huruma! "Shule ya mtaani" ni maneno matamu kwa mtu ambaye shule ya mtaa wake ina maabara. Rafiki yako hajasema mabasi ni raha. Anasema bodi hii ikiachwa bila mkono begani itarudi ilikotoka kabla ya Pasaka, nami nasema hana kosa.

Sasa chukua barua yako uisome tena pale uliposema mlango wa nyuma. Umeutaja kama mtu anavyotaja mvua. Jikoni, kwenye mapipa, kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani? Nilipofika hapo nililia, nisikufiche. Watoto wamepita penye takataka miaka ishirini, wenzao wanapita penye maua, halafu mtu anaandika kwamba hizo ni shule moja! Na lile basi lililojaa watoto weupe likabaki na sita, hao wengine nani aliwapa ruhusa ya kuhamia kwingine? Vibali vilitolewa na bodi. Hayo yote umeyaona kwenye kioo chako, na hakuna profesa aliyeyaona. Wakili alikuuliza kama wanagombana. Hakukuuliza wanashukia wapi, na usidhani alisahau.

Kwa hiyo hakuna barua isiyo na jina. Hiyo inaishia kwenye kapu la karani. Nenda leo kwa wakili wa wazazi, mwambie unataka kula kiapo kipya cha kufuta kile cha kwanza. Eleza kwa maneno yako, yeye aandike, kisha akusomee pole pole, na kila neno usilolielewa mwambie alitoe. Usianze na "walinidanganya." Anza na "sikuelewa, na sikuuliza." Halafu sema mlango. Halafu sema sita. Jumanne yule kijana wa viatu atakuuliza kwa sauti laini, "Bibi, sasa uongo wako ni upi, wa kwanza au wa pili?" Usimpandishie. Mwambie kiapo cha kwanza alikiandika yeye na hiki umekisema wewe. Kisha nyamaza, maana najua unapenda kuongeza.

Msimamizi akikugusa kwa sababu umesema kweli mahakamani, huyo wakili wa wazazi ajue siku hiyohiyo. Kumtisha shahidi ni kosa, awe Bwana wa nani. Cheo cha mkuu wa madereva mwachie anayekitaka kwa bei hiyo. Na kanisa usihame. Huko uendako utakwenda na nani, kama si huyo huyo unayemkimbia?

Maji hayajamwagika. Karatasi ile jaji bado hajaisoma, na mpaka Ijumaa hata wakili wa kwenu hana jina lako.

Lakini kabla ya wakili, Verlene. Uso kwa uso, si kwa simu, na bila pai ya viazi vitamu mkononi, maana huendi msibani. Mwambie mlangoni, kabla hajakukaribisha. Akikutukana, simama utukanwe mpaka achoke. Amebeba kesi hii miaka miwili na anadhani wewe uko upande wake. Haki yake ni kusikia kwako kwamba ulikosea, kuliko kulisoma jina lako kwenye orodha ya adui.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na lake pia. Ila hebu tuulizane, wanawake weusi walioshika usukani mwaka ule wa mayai walikuwa wangapi? Gazeti hili hufika milangoni Alhamisi kabla kahawa haijachemka, na rafiki yako, ambaye namjua vizuri, huanzia ukurasa wangu. Ikiwa wewe umefika kwenye mstari huu, naye amefika. Vaa viatu.

Dada Lavinia