Mbabula Iliyosifiwa na Kila Mutu

Mama yangu mupenzi,

Ninakusalimu kutoka Keshero, kwa Mama Mudogo, ambako sote tuko wazima na mvua inapiga mabati tangu asubuhi. Goti lako liko je? Juzi nilikuuliza kwa simu ya jirani, ukasema, "Niko muzuri tu." Tangu nitoke Kalehe unanijibu hivyo hivyo, nami siko karibu nikuone ukitembea.

Baada ya diploma nilipata kazi ya majaribio kwa watu wanaotengeneza mbabula mpya, majiko ya makala. Ninapita kwa wateja kuwauliza kila sehemu inawapendeza kiasi gani: mlango wa majivu, mikono ya kuinulia, miguu, hata rangi. Wanatoa alama, tano ndiyo ya juu. Unanijua, Mama. Wageni wakija nilikuwa ninajificha nyuma ya kitenge chako. Sasa mugeni ni mimi.

Kila nyumba walinipa tano. "Andika tano, mwanangu, yote iko muzuri. Kaa kwanza unywe chai." Nilirudi na furaha, lakini shefu wetu wa kazi alikunja uso. "Kama wote wameridhika, mbona hakuna anayemuambia jirani yake anunue? Rudi. Ukileta tano tupu tena, tutatafuta mwingine."

Nilirudi kwa Mama Chantal, mteja wangu wa kwanza. Alikuwa anachambua maharagwe uani. Niliona haya kuuliza tena, nikakaa juu ya jiwe, nikachambua naye. Nilikukumbuka wewe na jirani yako, namna hamsemi neno la maana mpaka maharagwe yafike nusu ya sinia. Nikanyamaza vilevile. Mbabula yetu ilikuwa pembeni, inang'aa, huku sufuria ya bugali ikichemka juu ya ile yake ya zamani.

"Mama, ile mupya munapikia nini?"

"Chai."

"Na bugali?"

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Wee mutoto! Songa bugali pale uone! Inatembea kama mbuzi. Bwana yangu alikula bugali ya majivu, akauliza kama nimemukasirikia."

"Lakini miguu mulinipa tano."

"Ulikuja na jua, na kadi ya kazi kwa shingo. Mugeni anaambiwa ubaya wa kitu chake?"

Basi nikakuona, Mama, umekaza sufuria kwa mguu, mwiko mikononi, moshi machoni, unaimba. Nilikaribia kulia mbele ya mutu wa watu. Kwa nyumba zilizofuata sikuuliza tena kama wanaipenda. Niliuliza walipika nini jana, na juu ya mbabula gani. Sasa mafundi wanajaribu miguu mipana, na shefu amesema nibaki.

Lakini bugali ya Mama Mudogo haina ladha ya moshi wako.

Kwa hiyo, Mama, usinipe tano. Mimi si mugeni. Sitakuuliza tena uko je. Nani anateka maji siku hizi? Sufuria unaikaza kwa mguu gani? Kanisani unapiga magoti, ama unabaki umekaa?

Nisalimie Papa, Koko, muzee wetu anayependa samaki wa sambaza, na dada yangu mukubwa na watoto wake. Salimu pia jirani yako wa maharagwe. Umuambie naye anijibu maswali haya juu yako, na kwamba ninangoja jibu lake kwanza.

Mutoto wako anayekukumbuka kila jioni moto ukiwashwa,

Noella