Wati Mia Tatu na Arobaini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili na uiitikie kwa sauti, hata kama mimi huku sitasikia. Goti lako linaendeleaje? Na wapwa zangu wote hawajambo? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa, shingo yangu sasa inakaribia ya meneja, tofauti ni tai tu.

Habari kubwa ya huku ni tanuri. Unajua kwamba mimi ndiye mchomaji mkuu wa mikate hapa kiwandani. Wakuu tuko wawili, lakini mwenzangu ni mpole mno, hahesabiki. Tanuri letu ni kubwa kama nyumba na joto lake si la mchezo. Juzi nzi alikatiza mbele ya mlango akaanguka chini ameshaiva, tena pande zote mbili. Nina mashahidi.

Kwa nje ukutani kumebandikwa kifaa cha kupima joto linalovuja, yaani katika kila mita mraba ya ukuta linatoka joto kiasi gani. Kile cha zamani kilihesabu kwa kilokalori kwa saa, na sheria imeandikwa juu yake kwa rangi nyekundu: mwisho mia tatu. Ikizidi hapo, matofali yamechoka. Tanuri linazimwa na kubomolewa, na sisi watu kumi na wanane tunakaa nyumbani miezi miwili, wengine hawaitwi tena. Basi mwezi uliopita kifaa hicho kikafa, kikaletwa kipya kinachosema wati. Asubuhi ya kwanza kikasoma mia tatu na arobaini.

Ungeziona nyuso za watu! Meneja akauliza nani anajua kugeuza wati kuwa kilokalori. Kila mtu akaanza kukagua viatu vyake. Akajitokeza mtu mmoja, sitamtaja, ana kiherehere tele. Akasoma kwenye karatasi ya kifaa kwamba kilokalori moja kwa saa ni wati moja nukta moja sita tatu, akatoa simu, akazidisha, akatangaza kama anasoma taarifa ya habari: mia tatu tisini na tano! Meneja akashika kichwa. Tanuri likazimwa saa ile ile na waashi wakaitwa.

Siku ya pili lilikuwa limepoa kiasi cha paka kulala juu yake. Mama anayepima unga, ambaye sisi humwita Mama Mizani, akanikuta nimekaa juu ya gunia. Akaniuliza, taratibu tu, kama ndoo moja inajaa vikombe kumi, nikiacha kikombe nikaupima unga ule ule kwa ndoo, namba itapanda au itashuka. Nikamcheka. Nikamwambia hata mtoto anayenyonya anajua itashuka. Akauliza tena: kati ya wati na kilokalori, ndoo ni ipi? Kicheko kikanikauka mdomoni. Kilokalori ndiyo ndoo! Namba ilipaswa kushuka. Ilikuwa ni kugawanya, si kuzidisha.

Dada, nilitoka mbio ambazo hata ujanani sijawahi kuzikimbia. Upepo wangu uliangusha mifuko ya karatasi rafu nzima. Nikamkuta mwashi ameshainua nyundo. Nikajisimamisha kati ya nyundo na ukuta, nikamwambia kama ni kuvunja, aanze na mimi. Akanijibu kwamba mimi ni laini, pigo moja tu lingetosha. Meneja akaja, ikaombwa chaki, hesabu ikagawanywa kwenye mlango wa tanuri mbele ya watu wote: mia mbili tisini na mbili. Chini ya mia tatu! Meneja akairudia kwa simu yake mara tatu, halafu akawaambia waashi wakusanye vyombo vyao. Jioni ile ile tukawasha moto, na watu wakanibeba juu juu kuzunguka kiwanda.

Hapa kalamu inakuwa nzito, dada. Hawakunibeba. Yule mwenye kiherehere ni mimi. Kabla chaki haijagusa mlango, ilinibidi nitamke mbele ya wote kwamba zile siku mbili za kukosa raha niliwaletea mimi. Mkandaji mmoja wa unga, ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Hilo lilinichoma kuliko tanuri. Na hesabu yenyewe sikuifanya mimi. Chaki ilinigandia mkononi, nikampa Mama Mizani.

Sijui kugawanya namba zenye nukta. Muhula waliofundisha hizo nukta, wewe umeacha shule uko nyumbani unanifulia sare, mimi nilikuwa najificha kwa seremala nachezea maranda. Kile cheti nilichokuambia kimepotea hakikutolewa kamwe. Miaka thelathini nimekuacha uwaambie watu mdogo wako alifaulu. Nisamehe.

Lakini usinilie. Kazi ipo, watu wote kumi na wanane tupo. Wamenipa jina la Tisini na Tano, na yule mkandaji wa unga ndiye anayeliita kwa sauti kuliko wote, kwa hiyo najua yameisha. Mikate inatoka mizuri, na hilo sijalitia chumvi. Kila mapumziko Mama Mizani ananifundisha kugawanya, na sasa usingizi wangu ni mtamu kama wa mtoto.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye hesabu kumi nilizofanya bila simu. Mpe mwanao wa mwisho asahihishe kwa kalamu nyekundu, asinionee huruma eti mimi ni mjomba wake. Ile ya saba nina wasiwasi nayo. Akishamaliza, uitazame wewe mwenyewe, kisha unirudishie.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, wala usimruke aliyelala. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
mchomaji mikate.