Sinia la Marehemu na Motokaa ya Shaba

Kondoa-Irangi, tarehe 3 Rajabu

Mheshimiwa mshauri, baada ya kukutolea salamu na kukuombea afya na umri wenye baraka, nakuja mbele yako kuomba msaada, nami ni mtu wa miaka sitini na mitatu, mwalimu wa chuo cha Kurani katika mji huu tangu miaka ishirini na tisa, ambaye watu humwendea kuuliza halali na haramu, na leo sina wa kumwendea ila wewe usiyenijua uso.

Mwaka juzi nilimpeleka mke wangu Mishi Dodoma kwa daktari wa Kizungu, akichukuliwa kwa machela siku sita, na tulipofika stesheni tukaikuta motokaa ya Mjerumani mmoja mpima ardhi imeteremshwa kutoka gari la moshi, ikingojea mafuta yake. Ilikuwa na taa mbili kubwa za shaba kama macho ya mtu aliyeshtuka, na honi ya shaba iliyojikunja kama pembe, na mbele sanduku la maji ya kupozea mashine, ambalo uso wake una vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki, na jua la asubuhi lilipoipiga, mshauri, nilisahau kwamba nimekuja na mgonjwa. Mishi ndiye aliyenizindua, kwa kicheko, yeye ambaye alikuwa hajacheka tangu Ramadhani.

"Mwalimu," akasema, "ningekuwa na hicho ningefika Kondoa kabla uji haujapoa."

"Nyamaza, utakohoa."

"Hata nikinyamaza nitakohoa. Nenda ukakipime, uje unitengenezee changu."

Mlinzi wa pale, Mgogo mmoja aitwaye Matonya, akatutazama, akasema, "Pimeni, mzee wangu, lakini hiyo pembe msiiguse, ikilia bwana atanichapa viboko." Basi nikatoa uzi, Mishi akashika ncha moja akiwa amelala juu ya machela, nami nikaizunguka motokaa na ncha ya pili, kila shibiri nikifunga fundo, na yeye akinihesabia kwa sauti mpaka sauti ikamwishia, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho tuliyoifanya pamoja, kwa kuwa siku ya tatu ya kurudi alifariki, tukamzika Chemba, nami nikaingia nyumbani kwangu na uzi ule mfukoni.

Mwaka jana nikaanza kuitengeneza kwa udogo, wanafunzi wakiisha kuondoka adhuhuri, kila shibiri ya uzi nikiihesabu kuwa upana wa kidole kimoja, mwili kwa mti wa mninga, magurudumu yenye njiti kumi na mbili kila moja, mipira yake kwa ngozi ya mbuzi, taa kwa maganda ya risasi niliyookota nyuma ya boma, na usukani unaoyageuza magurudumu ya mbele kweli kweli. Na saa ile mji unapotulia na joto linapolala juu ya mapaa ya udongo, sauti pekee ikiwa ni tupa yangu juu ya shaba, mimi huwa siko Kondoa tena, huwa niko njiani, miiba imefyekwa, vumbi halipandi, makorongo yote yamelainika kwa mchanga mweupe, na nyuma yangu pana mtu amekaa juu ya mto nilioushona kwa kipande cha leso yake, hasemi neno, nami sigeuki, kwa kuchelea nisije nikaukuta mto mtupu. Dada yangu Mwanahawa alinifumania siku moja akasema, "Kaka, ndevu zote hizo na umerudia vigari vya watoto!" nami nikacheka naye, kwa sababu hakujua lililo baya.

Lililo baya ni hili. Mishi alipoolewa alikuja kutoka Pangani na sinia la shaba la bibi yake, akilibeba kichwani katika msafara mwezi mzima, na alipokuwa akikata roho alinishika mkono akaniusia kwamba sinia ni la Mwajabu, binti yetu wa pekee, aingie nalo kwa mumewe na juu yake awaandalie wakwe chakula cha kwanza, kama yeye alivyoandaa kwa mama yangu. Nikasema, "Nimepokea." Basi maganda ya risasi yalipokwisha nikafungua sanduku lake, nikajiambia nalitazama tu, nikakata ukingo mwembamba usioonekana kwa ajili ya honi, juma la pili nikakata kwa ajili ya kifuniko cha mashine, kisha vishikio vya milango, kisha sikuhesabu tena, na sasa limebaki duara la katikati tu, ukubwa wa viganja viwili, nimeliweka juu ya ungo na kuvifunga pamoja katika kitambaa chake cha zamani ili lionekane zima.

Na motokaa imekamilika isipokuwa uso wa sanduku la maji, na lile duara la katikati, mshauri, lina nakshi ya vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki, kana kwamba aliyelichora miaka mia iliyopita aliiona stesheni ya Dodoma.

Mwajabu anaolewa mwisho wa Shaabani na kijana Msafiri, mfanya biashara ya nta. Juzi binti alikuja na bakuli la ukwaju na majivu. "Shikamoo baba. Sinia la mama nilisugue lini?" Nikasema, "Marahaba mwanangu. Liache kwanza, shaba ikisuguliwa mapema huchujuka." Akacheka: "Ehe! Baba, tangu lini shaba ikawa kaniki?" Akaondoka na bakuli lake akiniamini, na jioni ile nilisalisha watu nikakosea idadi ya rakaa.

Nakuuliza mambo mawili. Kwanza, kwa kuwa sinia limekwisha kuharibika, je, ni vibaya kuikata sehemu iliyobaki, ili walau kitu kimoja kitimie? Pili, Mhindi mmoja wa Dodoma ana sinia linalofanana, je, nikilinunua nikalifunga katika kitambaa kile kile, na binti akaingia nalo kwa furaha, nitakuwa nimemdhulumu nani?

Ni mimi, Mwalimu Halfani.

JIBU

Mwalimu Halfani, ndilo jina nililokupa, maana majina yenu nimeyabadili yote. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara ya pili nililazimika kuiweka chini kwanza. Mungu amrehemu mkeo. Sikucheki kwa motokaa yako, wala asikucheke mtu. Mzee aliyefiwa ana haki ya kushika tupa.

Lakini wewe si mtoto, na maswali yako mawili ni ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Unaniuliza utakuwa umemdhulumu nani? Mwajabu! Ulisema "nimepokea" mbele ya mtu anayekata roho, na tangu neno lile sinia halikuwa lako hata ukucha mmoja. Ulichokata ni mali ya binti yako, na hilo ungemwambia mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza bila kufungua kitabu. La Mhindi usilinunue. Umemwambia uongo mdogo kuhusu shaba. Ukilinunua utakuwa umemfungia uongo mkubwa ausugue kwa ukwaju maisha yake yote, na awaonyeshe wanawe akisema, hili alilibeba bibi yenu kutoka Pangani.

Wala duara usilikate. Unasema walau kitu kimoja kitimie. Kwa nini kitimie? Motokaa ile ikitimia utafanya nini adhuhuri? Mimi nadhani unaogopa hilo pia.

Tena kuna jambo ambalo hukuniuliza. Siku ile Dodoma, kwa ulivyoandika, Mwajabu hakuwapo. Hajui kwamba mama yake alicheka, wala kwamba alishika uzi, wala kwamba alihesabu mpaka sauti ikamwishia. Hilo nalo ni urithi wake, na umekaa nalo peke yako mwaka mzima chumbani ukilipiga tupa.

Basi fanya hivi. Mwite mchana, mkiwa wawili tu, Mwanahawa asiwepo. Weka duara mbele yake bila ungo wala kitambaa, umwambie umelikata wewe, na kwamba lile la kuchujuka ulilitunga. Usianze kwa kulia, maana atakusamehe kwa huruma kabla hajajua anachosamehe. Usianze kwa motokaa pia. Ukianza nayo itakuwa rushwa. Mwache akasirike. Akinyamaza siku tatu, nawe vumilia siku tatu. Ndipo umletee motokaa, umpe na uzi wenye mafundo, umsimulie yote ya stesheni, na umwambie shaba iliyomo ni yake: akitaka irudishwe kwa fundi iyeyushwe, utaing'oa kwa mkono wako mwenyewe. Neno litakuwa lake, si lako. Na wakwe wapewe chakula juu ya ungo safi, hawatakufa.

La mwisho. Gazeti hili litafika Kondoa mwanzoni mwa Shaabani, na nadhani namjua atakayelisoma. Mwenye mwandiko kama wako, katika mji ambao wasomaji ni wachache, ndiye anayewasomea wenzake barazani, na binti yake husikiliza akiwa nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni. Majina nimeyaficha, lakini sinia sikuweza kulificha. Utafika ukurasa huu, na kidole chako kitataka kuufunua upesi uupite. Usiupite. Kama hujamwambia bado, inuka sasa uende ndani, waungwana wa barazani watakungoja. Kisha rudi, uketi, uusome wote mpaka chini, kwa sauti ile ile unayosomea habari za mvua.