Paneli Zisizopigiliwa Misumari

Jumatatu, Shinyanga. Kiangazi kinaishia, na vumbi limeingia hadi kwenye kifuniko cha dawa zangu. Upepo tangu asubuhi. Mwili umechoka, roho imeshiba.

Nimerudi jana jioni kutoka Geita. Daktari alinikataza safari. Moyo wangu, alisema, hauwezi tena barabara ndefu. Binti yangu Kabula alinuna njia nzima akiwa kwenye usukani, lakini alinipeleka. Alijua nikibaki nyumbani ningeugua zaidi.

Kilichonitoa kitandani ni simu ya Fundi Masanja, seremala wa Nyasubi kule Kahama, aliyejenga ukuta wa mbao wa ukumbi wa kanisa huko Geita kwa michoro yangu. Aliniambia kamati ya ujenzi imemwita aje na nyundo. Kwaya ikipiga ngoma, paneli zinagonga ndani ya fremu zake na watu wanacheka. Jumapili baada ya ibada, zote zipigiliwe misumari.

Ukuta ule ndiyo kazi yangu ya mwisho. Utafiti wangu wote umo ndani yake.

Wanaonisoma siku nyingi wanaujua mlango wa duka la rafiki yangu Mama Yasmin, hapa mjini. Babu wa mumewe aliagiza uchongwe kwa mninga, na umekaa juani vizazi vitatu bila ufa. Nilipokuwa nafundisha chuoni, kila likizo nilikwenda pale na kipande cha karatasi. Kiangazi karatasi iliteleza kati ya paneli na fremu. Masika ilikataa kuingia. Ubao ule haukutiwa gundi wala msumari. Uliachwa huru ndani ya mfuo, ule mfereji mwembamba wa fremu, unywee na kuvimba kadiri majira yanavyotaka. Milango ya siku hizi tunaibana ili ionekane imara, kisha kiangazi kikikolea inapasuka mbele ya macho yetu.

Mama Yasmin alikuwa akiwaambia wateja, "Mpisheni, daktari anampima mgonjwa wake."

Geita tuliwakuta watu wakitoka ibadani. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Shija, ni mfugaji wa ng'ombe mwenye maneno. Aliniamkia kwa heshima, akanivutia kiti, kisha hakunionea huruma hata kidogo.

"Mama Kabula, sisi tulidhani tumejenga ukumbi. Kumbe tumejenga kayamba."

Watu walicheka. Hata Kabula, msaliti yule, alicheka.

Pumzi ya kubishana sina siku hizi. Nilimwomba Masanja anishike mkono tuzunguke nyuma ya jukwaa, kamati ikatufuata. Alikuwa amenidokeza kwenye simu kwamba masika iliyopita mjumbe mmoja alikerwa na mlio, akapigilia paneli mbili za pale kwa mkono wake mwenyewe.

Zote mbili zilikuwa zimepasuka kutoka juu hadi chini.

Mzee Shija aliingiza ukucha kwenye ufa, akaushusha hadi chini. Nikatoa karatasi mkobani nikaitelezesha kando ya paneli iliyo huru, hapo hapo jirani. Ilizama bila kusukumwa. Paneli hiyo haikuwa na ufa, wala ule mstari mweupe wa mbao isiyopakwa ambao hujitokeza ubao ukinywea. Nilikuwa nimemtaka Masanja apake vanishi kwenye kingo zote kabla ya kuunganisha. Wakati ule alinung'unika. Jana alisimama pale kama bwana harusi.

"Haya, mayo, misumari tumeiacha," Mzee Shija akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Na kelele je? Mchungaji ashindane na mbao?"

Nikaomba kiti karibu na ukuta.

Walinipigia ngoma ili nisikie mwenyewe. Kweli paneli ziligonga. Nilikaa nimeegemeza mgongo ukutani, nikiusikia ubao ukinigonga mabegani, na nikakumbuka siku mlango wa Mama Yasmin ulipofunguliwa fremu ili urekebishwe bawaba. Ndani ya mfuo palikuwa na vipande vya merikani, kitambaa cha dukani kwao. Kwenye utafiti wangu nilieleza kwamba viliwekwa kuzuia vumbi. Lakini duka lile linatazama barabara wanayopita wacheza ngoma baada ya mavuno. Vitambaa vile, nikatambua, viliwekwa kunyamazisha mlango.

Niliomba kanga chakavu. Akina mama wa kwaya wakazichana huku wakitaniana ni ya nani imechakaa zaidi, na Masanja akasukuma vipande kwenye mapengo kwa kisu butu, akianzia upande wa ngoma. Ilichukua muda. Kisha wakapiga tena.

Ngoma ililia peke yake.

Mzee Shija aliweka kiganja juu ya ubao, akakiacha pale. "Unatetemeka lakini hausemi," akasema. "Kama mke wangu akikasirika." Halafu kwa sauti ya chini, akinishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mayo."

Maisha yangu yote nikisifiwa nimesema "tulifanya." Ilikuwa adabu, na kidogo ilikuwa uongo. Muda wangu umebaki mfupi, basi naungama: mikono ilikuwa ya Masanja, mizuri sana, lakini ukuta ule niliubuni mimi, nao ni mzuri. Nimejivunia njia nzima kutoka Geita, Kabula akijifanya hanioni nikitabasamu dirishani. Na katika hali hii niliyo nayo, jana nilijifunza kitu ambacho mlango ulinionyesha zamani nisikione.

Kesho nitamwomba Kabula anipeleke dukani kwa Mama Yasmin, nikamwambie habari ya vitambaa. Nikishindwa kuinuka, aje yeye.

Mvua zikianza, paneli za Geita zitavimba na kujaza nafasi yake. Hazitahitaji niwepo. Nilizichora hivyo.