Anayesanifu na Anayejaribu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Nimefika ofisini nimekuta skrini nzima kijani, majaribio yote yamepita. Bosi kapita nyuma yangu, katabasamu kidogo, kaenda zake. Ndiyo maana tunamwita Mama Kijani. Ukitokea mstari mwekundu hasemi na mtu mpaka jioni.

Ijumaa ya wiki ijayo chipu yetu ya pampu ya dripu inakwenda kiwandani. Ikishachongwa imechongwa – siyo programu ya simu, eti utawatumia watu marekebisho wakiwa wamelala. Kwa hiyo Mama Kijani kakazia tena amri yake: anayesanifu na anayejaribu wasiizungumzie chipu, popote pale. Anayejaribu asome maelezo ya mteja kwa macho yake mwenyewe, asiambukizwe mawazo ya msanifu.

Nakubaliana naye kabisa. Tatizo, anayejaribu ni mimi, na msanifu ni mume wangu. Kazini yeye yuko ghorofa ya juu, mimi chini. Nyumbani tumebakiwa na mada mbili: maji yametoka au hayajatoka, na presha ya mama yake.

Jumatano, 5 Machi

Miguu inawaka moto. Nimepika nimesimama.

Mama mkwe kambana mwanawe mezani. Kutwa mnafanya nini huko? (Mimi hanihesabu. Anaamini kazi yangu ni kumchapia mume wangu barua. Niliacha kubishana zamani.) Basi mume wangu kachukua maharage mabichi, kayapanga mezani kama matone ya dripu. Mama, hatuandiki amri za kufuatana moja baada ya nyingine. Tunaeleza waya zilivyounganishwa. Saa ya chipu ikipiga, vyote vinasogea kwa pamoja. Kisha kamweleza pampu ya hospitali: nesi akibonyeza kusitisha, hesabu ya matone inabaki ilipo. Kama hakusitisha, na chupa imebadilishwa, hesabu inarudi sifuri. Kama hayo yote hayapo, na tone limedondoka, ongeza moja.

Mama mkwe: kama foleni ya zahanati? Hapana mama, kwenye foleni wote mwisho wanaonwa. Hapa wa kwanza akiingia, wa nyuma hawapo kabisa.

Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini mama yake alikuwa anacheka, na sijamsikia akicheka tangu tumzike baba mkwe. Nikageuza sufuria, nikamwacha aendelee.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeandika jaribio la kihesabu matone. Nilidhani litanila siku mbili, nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Ajabu jinsi lilivyoteleza. Jaribio langu linajikokotolea majibu yake lenyewe, kwa mpangilio niliouandika mimi. Chipu ikijibu tofauti, nyekundu. Kompyuta imebonyeza vitufe ovyo ovyo alasiri nzima, kama mtoto aliyeachiwa rimoti. Haikutoka hata nyekundu moja.

Narudi nyumbani kulala. Sitaki hata chai.

Jumanne, 11 Machi

Kijani. Mama Kijani kawanunulia watu soda, jambo ambalo hata wazee wa ofisi hawalikumbuki.

Mume wangu anaimba bafuni. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Mwaka ule alipoachishwa kazi alikuwa anakaa sebuleni mapazia yamefungwa, ukimuuliza umekula anasema baadaye. Hii ndiyo chipu yake ya kwanza akiwa msanifu mkuu. Mama yake kashawapigia simu shangazi zake wote. Kawaambia mwanawe katengeneza dawa.

Jumatano, 12 Machi

Gesi imeisha wali ukiwa nusu. Nimeburuta mtungi mpya, nimefunga koki ya ule wa zamani, nikachukua spana.

Nikaganda pale pale. Nani anabadilisha mtungi bila kufunga kwanza?

Nani anabadilisha chupa ya dripu bila kusitisha pampu kwanza?

Mama mkwe kaniuliza naumwa nini, mbona nimeshika spana kama naapishwa. Nikamwambia kizunguzungu tu. Wali umekuwa bokoboko, wameula hivyo hivyo. Mume wangu kanitazama mara mbili. Kumuuliza siruhusiwi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika kabla ya mfagizi. Nikasoma maelezo ya mteja upya, kidole juu ya karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Yako wazi! “Chupa ikibadilishwa, hesabu irudi sifuri katika hali yoyote.” Katika hali yoyote. Nimeyasoma maneno hayo mara ngapi? Nilikuwa nayasoma kwa sauti ya mume wangu.

Nikarekebisha majibu ya jaribio, nikaliendesha. Nyekundu juu mpaka chini.

Kwenye mistari ya mume wangu kusitisha kumetangulia, kwa hiyo pampu ikisitishwa chipu haioni kabisa kwamba chupa imebadilishwa. Nesi atasitisha, ataweka chupa mpya, atawasha, na pampu itaendelea na hesabu ya chupa ya zamani. Itaona kiasi kimeshatimia, itasimama. Mgonjwa amelala pale na chupa imejaa. Dawa ya kosa lenyewe ni kupandisha mstari mmoja juu ya mwingine.

Nikampelekea Mama Kijani. Hakupayuka. Kasimamisha safari ya kiwandani, kamwita mume wangu, mistari ikapangwa upya mbele yake. Halafu katuuliza: kosa nimelielewa. Ila wewe na yeye, kila mtu na ghorofa yake, mmekoseaje kwa namna ile ile? Kasema Jumatatu kila mmoja aje na jibu lake, mmoja mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Kwenye gari, taa nyekundu, mume wangu kaongea bila kugeuka. Sema ulisoma vibaya mwenyewe. Wewe watakukemea yataisha. Mimi wataniondoa.

Taa ikawaka kijani, wa nyuma akapiga honi.

Nina hasira naye. Kama nisingesema mimi, hiyo pampu ingefika wodini na kosa lake. Na bado namwona kwenye yale mapazia. Namwonea huruma, na hilo linanikasirisha zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Hajaligusia tena lile la kwenye gari. Badala yake kaosha vyombo, kapiga pasi nguo zangu za kesho, kaniuliza kama nataka chai. Tangu tuoane hajawahi kugusa pasi. Nimekuja chumbani, nimesema naumwa kichwa. Kichwa kinauma kweli.

Kesho ndiyo Jumatatu ya Mama Kijani. Nikisema tulizungumza, yeye ndiye aliyezungumza. Nikisema nilisoma vibaya, basi kuanzia kesho mimi ndiye mtu wa majaribio asiyejua kusoma, na kila kijani changu kitatiliwa shaka. Miaka yote hii nimejenga jina kwa kitu kimoja tu, kwamba nikisema limepita, limepita.

Wako sebuleni. Ukuta huu ni karatasi. Mama mkwe anauliza hiyo safari ya kiwandani imeishia wapi, shangazi zake wanauliza. Mume wangu kasema imesogezwa. Kwa nini? Kasema mtu wa majaribio alikosea kusoma maelezo.

Kalisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mama mkwe kaja juu. Mtu gani huyo, analipwa kwa kusoma halafu hasomi? Anataka kukurudisha kulekule? Mkeo anamjua?

Nimeshikilia kalamu. Sema, mwanamume.

“Anamjua, mama.”

Basi mkeo akaseme naye, kasema mama mkwe. Yeye ni mwanamke, anajua kuongea na watu. Amwambie akiri kosa lake kesho, asiniharibie mtoto.

Na mume wangu kanyamaza. Nasubiri.

Kiti kimevutwa. Kandambili zinakuja koridoni, polepole, zile za mtu mwenye presha. Mlango unagongwa.

“Mwanangu, umelala? Nina ombi moja.”