Ng'ombe wa Osanne

Kwa masista, mkesha wa Mtakatifu Martini

Mjukuu wangu Thibaut,

Hujambo? Mkeo Aelis hajambo? Kichanga chenu kinanyonya? Mimi magoti tu. Mwandiko umepinda, utavumilia. Sikutaka padre aniandikie, maana aibu hii ni ya nyumbani.

Nasikia Gontier amekufa, na msimamizi wako kaenda kuchukua mnyama wake bora, kama ilivyo haki ya bwana wa ardhi mkulima wake akifa. Haki, sawa, hata babu yako alichukua. Lakini Gontier alikuwa na ng'ombe mmoja tu! Na mjane wake ni Osanne. Umemsahau? Ulinyonya ziwa lake mpaka ukalitia alama za meno. Leo binti yake Mabile yuko ngomeni kwako anamnyonyesha mwanao, na kichanga chake mwenyewe kamwachia Osanne, kinaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Ziwa mmechukua, ng'ombe mmechukua. Kitoto hicho kile nini, ubwana wako?

Mrudishe kabla hujamchinja. Nakujua kwa karamu.

Bibi yako,
Ermengarde

Valcourbe, siku ya Mtakatifu Katerina

Shikamoo Bibi,

Sisi wazima. Pole na magoti. Barua yako ilinikuta nimeshachelewa: tulimchinja kwa sikukuu ya Martini. Niliisifu nyama mbele ya wageni, na Mabile alikuwa amesimama nyuma yangu, kampakata mwanangu. Sasa siwezi kumtazama usoni.

Nimempelekea Osanne ng'ombe wawili kwa mkono wa msimamizi. Hakufungua mlango.

Mjukuu wako,
Thibaut

Kwa masista, siku ya Mtakatifu Nikola

Thibaut,

Magoti yangu yaache. Ulitaka afungue? Mtu aliyemtoa ng'ombe zizini ndiye huyohuyo unamtuma kurudisha! Miguu huna? Nenda mwenyewe, uvue kofia. Na Mabile unamfungia humo kwa nini, wakati mtoto wake anakauka kwa njaa?

Masista wakiniuliza habari za kwetu, najifanya kiziwi.

Bibi yako

Valcourbe, baada ya Noeli

Shikamoo Bibi,

Nilikwenda kwa miguu, nikiswaga ng'ombe mwenyewe. Osanne alifungua, akaniwekea kichanga mikononi kabla sijatamka kitu. Bibi, watoto wa mbwa wangu wa kuwindia ni wazito kuliko yule. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Usinililie hapa, Thibaut. Niletee binti yangu."

Nikampeleka Mabile siku ileile, na mwanangu mgongoni kwake. Aelis alipiga kelele, eti mrithi wa Valcourbe hawezi kulala na mbuzi. Nikamwambia, mimi baba yake nililala palepale nikinyonya.

Mabile humnyonyesha wa kwake kwanza. Wangu husubiri. Jana nilipita, nikamsikia mwanangu analia. Nilisimama nje na kofia mkononi mpaka aliponyamaza. Sikubisha hodi.

Mjukuu wako,
Thibaut